Denis Burkitt na Uvimbe wa Taya

Tunapowasimulia wanafunzi wetu habari za uvumbuzi wa sayansi, mara nyingi huyaelekeza mawazo yao Ulaya na Marekani, kana kwamba maarifa hayo hayakupata kuzaliwa penginepo. Hata hivyo, sura moja kubwa katika elimu ya saratani za damu ilianzia Uganda, na vyombo vyake vya kwanza vilikuwa barua, ramani na motokaa kuukuu.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa mtoto wa miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini akasoma udaktari Dublin, akawa mpasuaji, na mwaka 1946 akafika Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenziwe Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, za juu na za chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa amepata kuuona uvimbe wa namna ile. Baada ya majuma machache, alipokuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye dalili zile zile. Hapo akatambua kwamba jambo hili halikuwa la bahati tu. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aligundua kwamba watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe tumboni pia, na mwaka 1958 akatangaza habari za watoto 38.

Tusidhani kwamba alikuwa wa kwanza kuuona. Sir Albert Cook, mmisionari daktari wa Mengo, alikuwa amekwisha kuuandika katika daftari zake miaka mingi kabla. Jambo jipya la Burkitt lilikuwa swali lake: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani? Alizipelekea hospitali nyingi za Afrika karatasi zenye picha, akaziweka alama ramanini kila jibu lilipofika. Kisha, mwezi Oktoba 1961, yeye na madaktari wenziwe Edward Williams na Clifford Nelson walifunga safari ya kiasi cha maili 10,000 kutoka Kampala hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali.

Ramani ikasema. Ugonjwa ulionekana katika nchi zenye joto na mvua, lakini karibu na ikweta haukuonekana sana penye mwinuko wa zaidi ya futi 5,000. Burkitt alidhani kwamba huenda mbu hueneza kirusi fulani. Mwaka 1961 mtaalamu Anthony Epstein alimsikia akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe ule viletwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walikionyesha kirusi ambacho leo huitwa Epstein-Barr. Ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na saratani ya binadamu.

Hapa pana funzo. Dhana ya kwanza ilikuwa na kosa: kirusi hicho hakiletwi na mbu, bali huenea kwa mate, nacho kimejaa duniani kote. Lakini ramani haikudanganya. Mbu yumo katika habari hii kwa njia ya malaria, ambayo ikimshambulia mtoto mara kwa mara huidhoofisha kinga yake na kuzichochea chembe nyeupe za damu ambamo kirusi hukaa.

Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine za kutibu saratani kwa mionzi, basi Burkitt akajaribu dawa. Uvimbe wa baadhi ya watoto uliyeyuka kwa siku chache, na wengine wakapona kabisa. Burkitt aliondoka mwaka 1966. Mwaka uliofuata kituo cha kutibu saratani kikafunguliwa Mulago, na tangu 1972 kikaongozwa na Mganda, Charles Olweny.

Burkitt alifariki mwaka 1993, na ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Lakini tuwakumbushe wanafunzi wetu kwamba nyuma ya jina hilo wamo waganga wa hospitali ndogo waliojibu barua, na akina mama waliobeba watoto wao hadi Mulago. Wahenga walinena: kuuliza si ujinga.