Fataki: maana zake na matumizi katika istilahi za kujaza risasi upya

fataki *nm* [i-/zi-]
1. kikombe kidogo cha metali chenye kemikali inayolipuka inapogongwa, kinachowasha baruti ndani ya risasi.
2. kilipuzi cha sherehe chenye mwanga na mshindo: *Fataki zilirushwa usiku wa mwaka mpya.*
3. (Tanzania, mtaani) mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Maana iliyoenezwa na kampeni ya redio.

Maelezo ya matumizi

Maana ya kwanza ni kongwe, lakini leo msomaji hufikiria kwanza ya pili au ya tatu. Mfasiri hukutana nayo hasa katika miongozo ya Marekani, ambako wawindaji na walenga shabaha wengi hujaza upya nyumbani maganda yaliyokwisha kutumika. Katika matini ya aina hiyo, neno lililochaguliwa vibaya laweza kumjeruhi mtu.

Risasi na sehemu zake. Neno *risasi*, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana tatu: metali ya risasi, kitu kinachoruka kutoka kwenye mtutu, na kifurushi kizima kabla hakijafyatuliwa. Kwa hiyo sentensi *Pima uzito wa risasi* haimwambii msomaji apime nini. Inapendekezwa *risasi* ibaki kwa kifurushi kizima, na sehemu zake nne ziitwe *ganda*, *fataki*, *baruti* na *kichwa cha risasi*. Kamusi za zamani zina pia *kiasi* kwa maana ya risasi nzima. Neno hilo liepukwe, maana *kiasi cha baruti* sasa hueleweka kuwa kipimo tu.

Vifaa. Vya lazima ni mashine ya kugandamiza, kalibu za kurudishia ganda umbo lake, kishikio cha ganda, mizani, kalipa, kifaa cha kupachikia fataki, miwani ya kinga na kitabu cha vipimo. *Kalibu* hapa hulirekebisha ganda lililotanuka. Haiyeyushi wala haisubu kitu.

Kupachika, si kupigilia. Kitenzi kifaacho ni *pachika*: fataki husukumwa polepole hadi ifike mwisho wa kishimo chake.

- *Pachika fataki mpaka uso wake uwe chini kidogo ya usawa wa kitako cha ganda.*

Fataki iliyochomoza yaweza kulipuka silaha inapofungwa, kabla mtumiaji hajawa tayari. Au pigo la pini likaishia kuisukuma ndani tu, na risasi isiwake. *Pigilia* na *gongomea* hazifai hata kidogo, kwa kuwa fataki imeundwa ilipuke kwa kugongwa. *Shindilia* nayo ni ya gobore, ambamo baruti na risasi husukumwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu.

Aina. *Fataki kubwa* na *fataki ndogo* ni istilahi, si maelezo ya jumla: vipenyo vyake ni takriban milimita 5.3 na 4.4. Aidha, kuna mfumo wa Boxer na wa Berdan, yote ya miaka ya 1860. Katika wa Boxer, *fuawe*, yaani kipande ambacho kemikali hubanwa dhidi yake, kimo ndani ya fataki, na ganda lina tundu moja la mwako katikati. Katika wa Berdan, fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe, na kwa kawaida matundu ni mawili. Ganda la Boxer ndilo rahisi kujazwa upya, kwani fataki iliyotumika husukumwa nje kwa pini inayopita katika tundu hilo la kati.

Greni na gramu. Miongozo ya Marekani hupima baruti kwa *greni*, kifupisho chake *gr*. Greni 1 ni gramu 0.0648, gramu 1 ni greni 15.43. Anayesoma *gr* kuwa gramu huongeza kipimo zaidi ya mara kumi na tano. Andika kipimo kwa neno zima, na uhifadhi namba ya asili:

- *Greni 40 za baruti (gramu 2.59).*

Tanbihi. Makala haya yanaeleza istilahi tu. Kiasi cha baruti kitolewe katika kitabu cha vipimo cha mtengenezaji, na shughuli yenyewe hutegemea sheria na leseni za nchi husika.

*Linganisha:* baruti, ganda, gobore, marisaa, mdeki, risasi.