Kwa nini mafuriko ya delta ya Rusizi hukawia kuondoka?

Mvua inayonyesha Tabora haiishii Tabora. Mito ya mkoa huo, ukiwemo Ugalla, humwaga maji yake katika Mto Malagarasi, ambao misafara ya zamani ilikuwa ikiuvuka kati ya Tabora na Ujiji. Malagarasi nao huingia Ziwa Tanganyika. Upande wa kaskazini, ziwa hilohilo hupokea Mto Rusizi unaotoka Ziwa Kivu. Kwenye delta yake, magharibi mwa Bujumbura, ndipo ulipo mji wa Gatumba wenye watu wengi.

Tutofautishe mafuriko ya aina mbili. Mto ukivunja kingo, kama Rusizi ulivyofanya Aprili 2020, maji huja kwa kasi na aghalabu hupungua baada ya siku chache. Ziwa likijaa, maji hupanda polepole na hukaa miezi. Yote mawili yakikutana, mto hukosa pa kumwaga, na maji hurudi nyuma hadi majumbani.

Kwa nini ziwa halipungui upesi? Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 33,000. Likipanda mita moja tu, hiyo ni nyongeza ya mita za ujazo zipatazo bilioni 33. Maji mengi hupotea kwa mvuke. Yanayobaki yana njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga, huko Kalemie nchini Kongo. Mvua kubwa zikifuatana miaka kadhaa, maji yanayoingia huyazidi yanayotoka. Kwa kawaida ziwa hufikia kilele mwezi Aprili au Mei, wakati pepo za kusini zinapoanza kusukuma mawimbi kuelekea kaskazini.

Hali hii si ngeni. Mwaka 1876 Stanley aliukuta mlango wa Lukuga umezibwa kwa matope na matete, na ziwa lilikuwa likipanda. Kizuizi hicho kilipofunguka karibu mwaka 1878, maji yalishuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo maana mahali pa kumbukumbu ya Livingstone, Ujiji, leo pako mbali na ukingo wa maji. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa lilipanda tena, na mwaka 1964 likafika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2024 lilikaribia tena kiwango hicho. Bujumbura, Uvira, Kalemie na Kigoma zote ziliathirika.

Kati ya vilele hivyo ilipita miaka mingi ya ukavu. Watu walijenga na kulima kwenye ardhi tambarare yenye rutuba, na vijana wakakua bila kuona maji hapo. Kwa hiyo anayetaka kiwanja karibu na ziwa asitosheke kuuliza maji ya mwaka jana yalifika wapi. Awaulize wazee kuhusu yale ya 1964.