Mshtuko wa kutokwa na damu

Mshtuko wa kutokwa na damu ni hali ya hatari inayotokea mwili unapopoteza damu nyingi hadi ubongo, figo na viungo vingine vikakosa oksijeni ya kutosha. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Visababishi vyake ni pamoja na ajali, mimba iliyotunga nje ya kizazi na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua.

Dalili

Mapigo ya moyo huenda mbio, ngozi huwa baridi na yenye jasho, na mgonjwa huhangaika kisha huchanganyikiwa. Kwa watoto na vijana presha huweza kubaki ya kawaida kwa muda. Hata kipimo cha wingi wa damu hakishuki papo hapo. Hivyo matibabu hayasubiri presha ishuke.

Matibabu

Jeraha hukandamizwa kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia. Damu ya mkono au mguu isipokoma, mkanda hufungwa juu ya jeraha na saa ya kuufunga huandikwa. Mgonjwa hulazwa chali na kufunikwa asipate baridi. Mama aliyejifungua husuguliwa tumbo ili kizazi kikaze, hupewa oksitosini, na pia asidi ya traneksamiki ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Dripu husaidia kwa muda tu, kwa kuwa maji hayabebi oksijeni. Aliyepoteza damu nyingi huhitaji kuongezewa damu na mara nyingi upasuaji.

Masasi na Newala

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na Masasi iko chini yake upande wa magharibi. Upasuaji una historia ndefu huko: Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alifika mwaka 1935 na kufanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi.

Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kusini kiko Mtwara, karibu km 200 kutoka Masasi. Kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende, na kwa kawaida hudumu siku 35 tu kwenye jokofu. Kwa hiyo uhai wa mgonjwa hutegemea pia wenyeji wanaochangia damu mara kwa mara. Wajawazito na waliojifungua husafirishwa bure kupitia mfumo wa m-mama, simu 115.