Kikombe, Kambi na Lango

Tulikuwa tumeketi nje ya makumbusho ya Kariandusi, mimi na binamu yangu, tukingoja bodaboda ya kumpeleka kambini. Hatua chache kutoka hapo kuna mashimo aliyoanza kuchimba Louis Leakey mwishoni mwa miaka ya 1920, na mashoka ya mawe yamelala humo, mengine ya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Binamu hakuyatazama. Alikuwa anasoma tena ujumbe wa kambi: siku nne karibu na Ziwa Elementaita, chai ya mizizi, uyoga wa maono, uponyaji wa majeraha ya utotoni. Simu unakabidhi langoni. Familia usiiambie, kwa sababu eti "nguvu zao zitakuvuta nyuma." Vidonge vya daktari unaacha wiki moja kabla.

Sikutaka kumcheka. Mama yake, shangazi yangu, alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na tangu hapo binamu halali vizuri. Na hiyo mimea yenyewe si upuzi. Kule Gabon wafuasi wa Bwiti wametumia iboga kwa vizazi. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kimechunguza kemikali ya uyoga kama tiba ya sonona. Lakini kwenye utafiti wa namna hiyo unapimwa afya kwanza, unaulizwa kama kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua akili, na una haki ya kujitoa wakati wowote. Tena vidonge vya sonona havichanganywi ovyo na ayahuasca, wala haviachwi ghafla kwa amri ya mtu wa WhatsApp.

Sisi huku tuna historia yetu ya kikombe. Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akigawa dawa ya mti kijijini Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni. Kikombe kimoja, shilingi 500 za Tanzania. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, mpaka mwenyewe akaomba watu wasije kwanza. Wagonjwa walifia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona. Hayo si madogo. Alisema pia kuwa dawa haifanyi kazi isipotoka mkononi mwake, na hapo mimi ningeshtuka.

Shangazi alienda. Walikodi matatu kutoka Nakuru, wakavuka mpaka, wakalala garini siku tatu. Akanywa, akalipa, akarudi, akaendelea na sindano zake za kisukari kwa sababu mume wake alimkazia macho. Hakuna aliyempigia simu kumwambia kuna kikombe cha daraja la pili. Hakuna aliyemuuliza ana shamba wapi.

Linganisha na Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliuza mali wakakabidhi fedha. Walitenganishwa na watoto wao. Walikatazwa kuongea, wakawa wanawasiliana kwa ishara. Waliahidiwa dunia itaisha mwaka 1999 ukikatika. Haikuisha, na wengine wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na watu wakiwa ndani, milango na madirisha yamepigiliwa misumari. Baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo. Mimi huwa nakwama kwenye ile kanuni ya kunyamaza. Mtu asiyeruhusiwa kuongea atamuuliza nani, "Wewe pia umeanza kuona mambo hayaeleweki?"

Halafu Shakahola, Kilifi, 2023. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Paul Mackenzie alikana mashtaka, lakini mahubiri yake dhidi ya shule na hospitali yalikuwa yakisikika miaka mingi kabla. Kwanza shule ni mbaya, kisha hospitali, kisha kitambulisho, kisha mji wenyewe. Vijiji vya msituni vikapewa majina kama Bethlehemu na Nazareti. Kufikia hapo, mtu amebaki na nani wa kumwita arudi?

Ila tusiwe wepesi wa kuita kila imani ngeni hatari. Serikali ya mkoloni ilimfungia Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwaka 1948 ikapiga dini yake marufuku. Alikuwa akiwaambia Wazungu waondoke. Kwa hiyo ugeni wa ibada haunisumbui sana. Mimi natazama lango.

Nilimwambia binamu apige simu kabla bodaboda haijafika, aulize mambo matatu tu: naweza kuondoka usiku wa kwanza nikitaka? Nani amesomea udaktari hapo? Kwa nini mama mdogo asijue niliko? Aliweka spika. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti tamu sana, ya kubembeleza mtoto. Akasema, "Mpenzi, haya maswali ndiyo ugonjwa wako. Ukija tutayatoa."

Binamu akanyamaza kidogo. Akauliza kuhusu pesa alizotanguliza kwa M-Pesa. Simu ikakatika, au ilikatwa.

Bodaboda ilipofika tulimwomba jamaa atupeleke Kekopey badala yake, kwenye chemchemi za maji moto kando ya ziwa. Binamu alitumbukiza miguu akalia kwa muda mrefu, nami nikakaa. Jua lilipoanza kushuka akaniambia nimsimulie tena ile safari ya mama yake ya Loliondo, hasa pale gari lilipokwama matopeni na yeye akashuka kusukuma akiwa amevaa viatu vya kanisani.