Meli Haingoji Samaki

Agosti iliyopita niliwakwamisha watu saba Mbita. Wa nane nilikuwa mimi mwenyewe.

Kwenye simu mpango ulikaa safi. Marafiki wamekuja kutoka Nairobi, wanataka kuona ziwa, na mimi ndiye mwenyeji, mtoto wa Migosi, ule msee anayeposti Kisumu kila siku kama ameinunua. Tunatoka asubuhi na gari hadi Luanda Kotieno, tunaliacha hapo ili tuokoe nauli ya kulivusha, tunapanda feri hadi Mbita, tunavuka daraja kuingia Rusinga, tunaona kaburi la Tom Mboya, tunakula samaki, tunarudi na feri ya mwisho. Rahisi.

Kaburini tulikaa sana, na hilo sijutii. Mtu aliyeuawa Julai 1969 akiwa na miaka 38 huwezi kumpa dakika kumi halafu uondoke. Shida ilikuwa samaki. Tulifika hotelini tumechelewa, tukaagiza ngege, na mama wa watu akaanza kuwaparua magamba pale pale, maana wateja wake hupenda wabichi. Sahani zilipofika mezani tulikula kama watu wanaofukuzwa. Tulipofika kwenye gati tuliona mgongo wa feri.

Gari liko ng'ambo. Manze, ule usiku tulizunguka ghuba nzima na matatu: Homa Bay, Kendu Bay, Katito, Ahero, hadi Kisumu. Kesho yake mimi na mwenye gari tukarudi Luanda Kotieno kulichukua. Ile nauli tuliyookoa tuliilipa mara kadhaa. Rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea.

Nilipomsimulia dani alicheka mpaka akashika mbavu. Dani alikulia Kendu Bay. Akiwa msichana aliuza samaki wa kukaanga kwenye gati, siku zile meli zilikuwa zinatia nanga pale. Alipomaliza kucheka akaniambia, "Nyakwara, meli haingoji samaki. Samaki ndiye anayengoja meli."

Akanieleza. Meli ikionekana kwa mbali, ngege walikuwa tayari wameiva na wamepangwa kwenye sinia. Abiria anashuka, ananunua, anakula, anapanda. Pale gatini hakuna msichana aliyekuwa na saa mkononi, lakini kila mmoja alijua meli itakaa muda gani.

Hayo maneno yamenisumbua tangu siku hiyo. Nilianza kusoma habari za meli za ziwa letu nikitafuta tu kitu cha kuchekesha cha kuposti. Nikakuta kwamba historia ya huu mji unaweza kuisoma kwa kuuliza maswali mawili: chombo kinakaa ufuoni muda gani, na nani alipanga huo muda?

Mahali pa kusimama, mahali pa kupita

Anza na jina. Wazee wengi watakwambia Kisumu linatokana na neno la Dholuo lenye maana ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Yaani ukiwa na njaa kwenu, unabeba ulicho nacho, unakuja hapa, unatua mzigo, mnapatana, unarudi na nafaka. Palikuwa mahali pa kusimama.

Halafu Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika ziwani, na kituo kikaitwa Port Florence. Ile reli iliitwa Reli ya Uganda. Hata hii ardhi ya Kisumu wakati huo ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Waingereza waliihamishia upande wa Kenya mwaka 1902. Kwa hivyo watu waliochora mradi hawakuwa wanakuja kwetu. Walikuwa wanakwenda Uganda, na Kisumu ni pale ambapo nchi kavu iliwaishia.

Meli zenyewe zilikuja vipande vipande. William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa hadi Mombasa, wapagazi wakabeba vipande vyake hadi huku, ikaunganishwa na kuingia majini 1900, kabla hata reli haijafika. Fikiria kubeba bati la meli mgongoni kutoka pwani. Baadaye zikaja Winifred na Sybil, kisha Clement Hill, kisha Usoga na Rusinga. Leo ukisema "stima" hapa Migosi watu wanaangalia kama taa zimezima, lakini fungua kamusi: stima pia ni meli ya mvuke.

Reli ilishuka mpaka gatini. Ulitoka kwenye behewa, ukatembea hatua chache, ukapanda meli. Winston Churchill alipita hivyo 1907. Theodore Roosevelt naye, 1909. Wote walikuwa wanaelekea Entebbe. Tukitaka kujisifu tunasema watu wakubwa walikuja Kisumu. Ukweli ni kwamba walipita.

Mji unaoishi kwa wapitaji una shida moja: mtu aliye mbali akibadilisha njia, wewe huulizwi. Kisumu ilijifunza hilo 1931. Mwaka huo reli ilifika Kampala moja kwa moja kupitia Eldoret, Tororo na daraja la Jinja juu ya Nile. Msafiri wa Uganda hakuhitaji tena kushuka hapa. Mwaka huo huo Imperial Airways ikaanza safari za ndege kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ikawa kimoja cha vituo. Tukapoteza wapitaji wa treni, tukapata wapitaji wa ndege. Bado wapitaji.

Sinia la dani

Lakini meli hazikufa. Ziliendelea kuzunguka ziwa: Jinja, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, na hapa kwetu bandari ndogo kama Kendu Bay na Homa Bay. Na hizi bandari ndogo ndizo zinanivutia, maana huko meli ilikutana na watu wa kawaida. Hakukuwa na gavana wa kupokewa. Kulikuwa na wasichana na masinia.

Mwaka 1961 RMS Victoria ilianza kazi, meli iliyounganishwa hapa hapa Kisumu, na wazee wanaiongelea mpaka leo kama watu wanavyoongelea ndege. Mwaka huo huo zikaanza zile mvua kubwa zinazoitwa mvua za Uhuru. Kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Dani anakumbuka maji yakilamba mbao za gati, na wao wakisogeza masinia nyuma kidogo kila wiki.

Kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mali ikagawanywa kama ya watu wanaotalikiana: Victoria ikabaki Tanzania, na Uhuru, ile meli ya kubeba mabehewa, ikabaki Kenya. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mpaka 1983. Mzunguko wa ziwa ukakatika. Baadaye likaja gugumaji, likaziba hata kile kidogo kilichobaki.

Nilimuuliza dani zile meli zilimwachia nini. Nilidhani ataongelea muziki, nguo, wageni. Akasema pesa za sinia zilimsomesha kaka yake mpaka sekondari. Yeye mwenyewe hakuenda. Kisha akabadilisha mada.

Kwa hivyo mi huwa siimbi na wale wanaosema tu "meli zirudi, mji utainuka". Meli zilikuwepo kwa miaka zaidi ya sabini. Kila gati lilipata kile tu ambacho mtu wa ufuoni aliwahi kukiandaa kabla honi haijalia. Pale ambapo watu walipewa nafasi ya kuandaa, kuna mtoto alisoma. Pale ambapo abiria alitoka behewani akaingia melini, tulibaki na picha.

Na usidhani hayo yaliisha. Bandari ya Kisumu imekarabatiwa. MV Uhuru ilirudi kazini Desemba 2019, inavusha mizigo kwenda Uganda. MV Uhuru II imejengwa hapa hapa Kisumu, na hilo najivunia bila aibu. Maneno ya meli za abiria na za watalii hayakauki. Poa. Lakini wakati ule bandari inafufuliwa, vibanda vya Lwang'ni vilibomolewa. Kama wewe ni wa Kisumu unajua Lwang'ni: kila mgeni alipelekwa pale kula mbuta huku magari yakioshwa ziwani. Mwenye meli alitengenezewa gati. Mwenye sinia aliambiwa ahame.

Hata Mombasa wanalo hilo swali. Meli ya kitalii inaingia Kilindini asubuhi, ina siku moja tu. Abiria anaweza kutembea Fort Jesus na Mji wa Kale, akala, akanunua kanga. Au anaweza kupakiwa kwenye basi gatini, akapelekwa mbugani, akarudishwa gatini. Zote ni siku moja. Aliyepanga hiyo siku ndiye anayeamua nani atakula.

Basi panga hivi

Haya ni ya wewe mgeni unayeshuka kutoka kwenye chombo, na ya wewe mwenyeji unayetaka kuzungusha watu. Nimeyapata kwa dani na kwa aibu yangu.

Moja, hesabu kurudi nyuma. Usianze na saa ya kufika. Anza na saa ambayo chombo kinaondoka, toa saa nzima ya kuwa gatini mapema, toa muda wa njiani, ndipo uone umebakiwa na nini. Mi nilikuwa naanza na asubuhi, na asubuhi kila kitu kinaonekana kinawezekana.

Mbili, jambo kubwa moja kwa siku. Ukiwa na saa nne Kisumu, chagua: makumbusho yenye mfano wa boma la Kijaluo, au Dunga kwenye mafunjo na mitumbwi. Vyote viwili vinawezekana tu ukikubali kula haraka. Kit Mikayi iko karibu kilomita 30 barabara ya Bondo. Hiyo mpe nusu siku yake. Rusinga usiichanganye na kitu kingine chochote.

Tatu, agiza chakula kwanza, ndipo utembee. Pata namba ya mama wa hoteli, mpigie asubuhi, mtumie kitu kidogo cha kununulia samaki. Yeye anapata uhakika, wewe unapata muda.

Nne, thibitisha saa kwa lugha moja. Sisi vijana wa mjini tunachanganya. Ukiambiwa feri ni saa kumi, uliza: kumi ya jioni? Kuna watu wameshakuja saa nne usiku kutafuta chombo kilichoondoka alasiri.

Tano, na hii sitanii. Asubuhi ziwa huwa tulivu. Alasiri upepo na dhoruba hupenda kuja. Usipande chombo kilichojaa, hata kama ni cha mwisho, na vaa jaketi la kuokolea, usilikalie. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 ikiwa inakaribia gati ya Ukara, zaidi ya watu 220 wakafa huku nchi kavu wanaiona. Vyote vilikuwa vimepakia kupita kiasi. Kukwama Mbita usiku mmoja ni stori ya kuchekesha. Nimeihadithia hapa nikiwa hai.

Desemba nilirudi Rusinga na kundi jingine. Gari tulilivusha. Yule mama nilimpigia simu kabla hatujatoka Migosi, nikamtumia pesa, na tulipotoka kaburini ngege walikuwa mezani wanatoa moshi. Alikuwa amemwita na jirani yake aje na ndizi. Tulikula polepole, tukafika gatini tukiwa na dakika arobaini za kukaa tu na kuangalia maji.

Nilimpigia dani kumpa habari, nikingoja sifa. Aliniuliza swali moja tu: "Na yule mama, alibaki na ngapi?"

Sikuwa nimehesabu. Siku hizi nahesabu.