Sahihi ya Mwenye Hati Haitoshi

Somo letu la leo ni historia ya hati, nalo litatufikisha kwenye kompyuta.

Mwezi wa Novemba 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alitoka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, akaenda bara. Serikali yake haikumtuma. Alisema kwa jina la chama alichokianzisha yeye mwenyewe mwaka ule ule. Alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akarudi na mikataba 12 iliyoandikwa kwa Kijerumani. Mmoja ni wa Msovero, ambako Mangungo aliweka alama yake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari alizipokea hati zile. Sayyid Barghash wa Unguja alipinga, lakini Agosti manowari zilifika mbele ya mji wake, akakubali. Hivyo ndivyo nchi ilivyopotea.

Sasa tazama siku hizi. Kompyuta moja kubwa yaweza kugawanywa iwe nyingi, ziitwazo mashine pepe. Programu hupewa kazi ya kuziwasha na kuzizima pasipo mtu. Kabla ya kutoa neno lake la siri, programu hudai cheti cha kompyuta inayozisimamia. Mara nyingi cheti hicho kimetiwa sahihi na kompyuta ile ile. Basi programu hukikataa, na kazi husimama.

Fundi mvivu huiamuru programu isichunguze cheti tena. Kazi huendelea, lakini mwizi akijiweka katikati na cheti chake mwenyewe, atapewa neno la siri.

Je, cheti cha namna hii ni cha uongo? Si lazima. Fundi mwema huenda kwenye kompyuta yenyewe, huchukua nakala ya cheti, kisha huiweka katika programu na kuiagiza ikubali hicho tu. Ofisi kubwa huweka mtia sahihi mmoja anayetambuliwa, naye huthibitisha vyeti vyote.

Nawe ukiletewa hati ya kiwanja hapa Zinga, usitazame sahihi ya mwuzaji peke yake. Nenda kwa majirani na ofisi ya kijiji kabla ya kutoa fedha.

Maswali:
1. Nani alimpa Peters mamlaka alipotoka Saadani?
2. Fundi mwema hufanya nini, na kwa nini?