Kabla ya M-Pesa Kulikuwa na Mosoriot

Sawa wasee, leo ni historia. Usitoke bado, itakusaidia.

Siku ya kwanza nilimwambia mathe nimeanza "kukodi", aliniuliza nimekodi nyumba wapi na pesa nimetoa wapi. Nikajaribu kurekebisha, nikamwambia hapana, mimi naandika kodi. Hapo ndio aliogopa kabisa, akadhani KRA wamenipata. Siku hizi nasema tu "naandika programu", na bado majirani wananiletea simu zilizoingia maji.

Hayo ndiyo maisha yetu. Unatafuta kosa tangu jioni, unalaumu kompyuta, unalaumu intaneti, halafu saa tisa usiku unagundua ulisahau nukta mkato moja. Unafurahi kama mtu ameshinda marathoni. Hapo hapo stima inapotea, na laptopu yako ni ile ambayo bila chaja ni sinia tu.

Sasa, kila wiki kuna mtu wa hapa Eldoret ananiuliza swali moja: "Bro, nianze na lugha gani? Python ama JavaScript?" Kitambo nilikuwa namchagulia. Siku hizi namwambia kwanza kuhusu Mosoriot.

Mosoriot unaijua. Ni ile senta ya Nandi unayopita ukitoka hapa kwenda Kapsabet. Ukiuliza watu historia ya programu Kenya, watakuambia M-Pesa, Machi 2007. Watakuambia Ushahidi, Januari 2008, ile ramani ya kuripoti ghasia za baada ya uchaguzi. Watakuambia iHub ya Nairobi, 2010. Yote ni kweli. Lakini Februari 2001, miaka 6 kabla ya M-Pesa, kituo cha afya cha Mosoriot kilikuwa tayari kinaweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kituo cha mashambani, si hospitali kubwa ya Nairobi.

Shida iliyowasukuma haikuwa ya ajabu. Ilikuwa madaftari. Kila kliniki ndani ya kituo ilikuwa na daftari lake kubwa, na habari za mgonjwa mmoja zilikuwa zinaandikwa tena na tena. Fikiria mtu amekuuliza mwezi uliopita wagonjwa wa malaria walikuwa wangapi. Unafungua daftari, unahesabu kwa kidole, mtu anakusalimia, unaanza tena.

Joseph Rotich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na madaktari kama William Tierney wa Indiana, Marekani, na Terry Hannan wa Australia, wakaamua kulimaliza hilo tatizo. Na hapa ndio nataka uskize vizuri, wewe unayesubiri laptopu ya laki moja na nusu ndio uanze. Walitumia Microsoft Access. Ndiyo, ile ile ambayo watu wengi walifunzwa kwenye kozi ya kompyuta na wakaisahau wiki iliyofuata. Mhudumu aliandika kwenye fomu moja ya karatasi, halafu data ikaingizwa kwenye databesi. Na kwa sababu walijua stima ya huku kwetu, waliweka umeme wa akiba zaidi ya njia moja. Basi. Hakuna cha ajabu zaidi ya hapo.

Ndani ya miezi 6 walikuwa wameingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Tena walipima kazi yao, kitu ambacho wengi wetu hatufanyi. Ziara ya mgonjwa ilikuwa fupi kwa asilimia 22. Mgonjwa wa kijijini aliyetembea kilomita kadhaa akiwa na homa alirudi nyumbani mapema. Hiyo ndiyo maana ya programu kufanya kazi.

Halafu kuna matokeo yaliyonichekesha. Walipopima pia muda wa wafanyakazi, waligundua wafanyakazi walipata muda zaidi wa mambo yao ya binafsi. Sijui ni chai, sijui ni stori. Unajenga mfumo wa kuokoa muda, muda unaokolewa kweli, halafu unaokolewa na mtu mwingine. Kila mtu ambaye amewahi kuandika programu anaelewa: mashine itafanya ulichoiambia, lakini binadamu atafanya anachotaka.

Sasa hadithi ingeishia hapo tungesema ni mradi mzuri wa zamani. Lakini mwaka huo huo wa 2001, hapa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yetu ya rufaa na washirika wao wa Indiana walianzisha AMPATH, mpango wa kutibu watu wenye HIV. Na HIV si kama malaria. Malaria unapona, mnaachana. Mtu wa HIV unatembea naye maisha yote. Lazima ujue mwaka juzi alikuwa anatumia dawa gani, alibadilishiwa lini, na nani hakuja kliniki mwezi huu. Rekodi ikipotea, huyo mtu anaweza kupotea pia.

Wagonjwa wakaongezeka haraka sana, na ile Access ikaanza kulemewa. Februari 2004 wakaja Eldoret madaktari wawili wanaojua programu, Burke Mamlin na Paul Biondich, kuangalia kama mfumo unaweza kukuzwa. Badala ya kuuwekea kiraka, walichora upya.

Wazo lao kubwa nitakueleza kwa mfano wa kioski cha Langas. Mwenye kioski amepiga mistari kwenye daftari: safu ya sukari, safu ya mkate, safu ya maziwa. Siku akianza kuuza mayai, lazima apige mistari upya. Kila bidhaa mpya, daftari jipya. Lakini akiandika kila mauzo kwenye mstari wake, jina la bidhaa hapa, idadi pale, anaweza kuuza chochote hadi mwisho wa dunia na daftari ni lile lile. Ndicho walichofanya. Maswali ya daktari yenyewe yakawekwa ndani ya databesi kama maneno ya kamusi. Daktari akileta swali jipya, unaongeza neno kwenye kamusi. Hauvunji nyumba.

Mfumo huo ukaitwa OpenMRS, umeandikwa kwa Java na MySQL, na ulianza kazi hapa hapa Eldoret Februari 2006. Mwaka huo huo ukafika Rwanda kupitia shirika la Partners In Health. Leo uko katika nchi nyingi duniani, na KenyaEMR, mfumo unaotumika kwenye vituo vingi vya afya vya serikali hapa Kenya, umejengwa juu yake. Na ni programu huria: unaweza kuufungua GitHub usiku huu kwa bando lako na usome kila mstari.

Enyewe niwe mkweli hapa. Mimi niliacha chuo, na kila mara kuna mtu ananiambia nimempa moyo na yeye aache. Tafadhali. Watu wa Mosoriot hawakuacha shule. Walikuwa walimu wa chuo na madaktari. Kitu hawakufanya ni kusubiri. Na tena usiniambie hii ni stori ya wazungu kuja kutuokoa, wala usiniambie tulifanya peke yetu. Pesa nyingi na wataalamu kadhaa walitoka nje. Wenyewe waliliona hilo. Makala waliyochapisha 2003 inamalizia kwa kusema kwamba mustakabali wa mfumo utategemea Wakenya kuweza kuuendesha, kifedha na kiufundi.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi za HIV Kenya nzima zilitikisika. Hapo ndio nilikumbuka hayo maneno. Mfumo ulizaliwa kwetu, unabeba rekodi za mama zetu na majirani zetu, na swali la 2003 bado liko mezani: wafadhili wakiondoka, nani ataurekebisha ukikwama saa tisa usiku? Mimi naona hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kujifunza, kuliko ile ndoto ya kuunda app moja na kuhamia San Francisco.

Kwa hivyo ukiniuliza uanze na lugha gani, nitakuuliza: daftari gani karibu nawe linasumbua mtu? La duka? La sacco ya matatu? La timu ya mtaa? Lichukue hilo. Tumia kile ulichonacho, hata kama ni Access, hata kama ni Excel kwenye kompyuta ya cyber. Utajua unahitaji lugha gani siku ile chombo chako kitashindwa, kama walivyojua wao.

Yangu ya kwanza ilikuwa ya chama cha mathe. Siku ya uzinduzi niliongeza sifuri moja mahali, na programu ikatangaza mbele ya wamama wote kwamba mweka hazina anadaiwa laki nne. Mkutano ulikaribia kuvunjika. Nilirekebisha nikisimama, jasho likinitoka, huku mweka hazina akiniangalia vile mimi tu najua.

Lakini bado wanaitumia. Mathe haniulizi tena kuhusu kodi ya nyumba. Anauliza lini nitaongeza sehemu ya faini za waliochelewa.